Miwani maalumu, matone au lenzi: kumchagulia mtoto ambaye namba ya macho haitulii

Binti yangu alikuwa na miaka saba nilipogundua kwamba hasomi tena ubaoni. Alikuwa ananakili daftari la mwenzake wa kushoto, neno kwa neno, makosa na yote. Siku moja nikayaweka madaftari yao mawili mezani na kukuta neno "mwanafunzi" limeandikwa "mwanafuzi" katika yote mawili, kwenye mstari uleule. Kipimo cha kwanza kikatoa −1.25. Miezi tisa baadaye ikawa −2.25. Mpimaji akabadilisha vioo, akatuambia turudi mwaka unaofuata. Nilipomuuliza kama kuna la kufanya ili namba isiendelee kupanda, akasema ndivyo macho ya watoto yalivyo.

Mimi mwenyewe navaa −8.50. Sijafika miaka arobaini na tayari retina ya jicho langu la kulia, ule utando wa nyuma unaopokea picha, imeshachanika mara moja, ikazibwa kwa leza. Kwa hiyo jibu lile halikuniingia. Nilianza kusoma, kuuliza na kulinganisha, na sasa ni mwaka wa tatu. Haya ndiyo ningependa mtu angenikabidhi siku ile nilipotoka kwa mpimaji na miwani mipya mkononi.

Jicho linarefuka

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takribani milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima ni kama 23.5 hadi 24. Kwa mtoto mwenye miopia, yaani asiyeona vizuri mbali, jicho hupitiliza, picha ya kitu cha mbali inaangukia mbele ya retina badala ya juu yake, na ubao unageuka ukungu. Kila milimita ya ziada ni kama daiopta mbili na nusu za miwani; daiopta ndiyo kipimo cha namba ya miwani. Miwani ya kawaida huirudisha picha juu ya retina na mtoto akaona vizuri, lakini haipunguzi kasi ya jicho kurefuka. Tena inadhaniwa kwamba pembezoni mwa jicho miwani hiyo huiacha picha ikiangukia nyuma ya retina, na jicho huichukua hali hiyo kama ishara ya kuendelea kulifuata.

Kurefuka huku hakurudi nyuma. Njia zote nitakazozitaja hupunguza kasi tu, na anayekuahidi kumponya mtoto miopia, kwa mazoezi ya macho au kwa miwani yenye vitundu, muache hapohapo. Ila kupunguza kasi ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mwaka 2019 Mark Bullimore na Noel Brennan walikusanya takwimu za tafiti kadhaa wakakuta kwamba kila daiopta moja inayozuiwa hupunguza kwa takribani 40% uwezekano wa miopia kumharibia mtu sehemu ya katikati ya retina, ile tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso. Na ni daiopta yoyote, si zile za namba kubwa peke yake. Mtoto aliyeishia −3 badala ya −4 ameokoa kitu cha kweli, hata kama bado anavaa miwani.

Ukitajiwa asilimia, uliza milimita

Hapa ndipo wazazi wengi tunapopotea, na mimi nilipotea kwa miezi. Njia hii inatangazwa kwa 67%, ile kwa 59%, nyingine 43%, na mtu anachagua kama anavyochagua betri ya simu.

Chukua mfano mmoja. Utafiti wa LAMP uliofanyika Hong Kong, ambao matokeo ya mwaka wake wa kwanza yalitoka 2019, uliwapa watoto wa miaka 4 hadi 12 matone ya atropini, dawa ya kupanua mboni, ya nguvu tofauti. Kwa mwaka mmoja waliopewa matone yasiyo na dawa waliongezeka daiopta 0.81, na waliopewa ya 0.05% wakaongezeka 0.27. Hiyo ni theluthi mbili pungufu, asilimia ya kung'aa. Lakini walipopima urefu wa jicho, kundi la kwanza lilirefuka milimita 0.41 na la pili 0.20. Hiyo ni nusu. Watoto walewale, chupa ileile, mwaka uleule. Kwa matone ya 0.01% tofauti inatisha zaidi: kwa daiopta upungufu ni zaidi kidogo ya robo, kwa milimita ni 0.36 dhidi ya 0.41, karibu na bure.

Basi nikazipanga njia zote upya kwa kipimo kimoja: milimita ngapi ziliokolewa. Miwani ya DIMS ya Hong Kong, yenye vilenzi vidogo nitakavyovieleza mbele, kwa miaka miwili: watoto waliovaa miwani ya kawaida walirefuka 0.55, waliovaa hiyo maalumu 0.21. Imeokoa 0.34. Miwani ya aina ya pili, ile ya HAL, iliyopimwa Wenzhou, kwa miaka miwili: 0.69 dhidi ya 0.34. Imeokoa 0.35. Lenzi laini za mchana za MiSight, kwa miaka mitatu: 0.62 dhidi ya 0.30. Imeokoa 0.32. Lenzi ngumu za usiku katika utafiti wa ROMIO, kwa miaka miwili: 0.63 dhidi ya 0.36. Imeokoa 0.27. Na yale matone ya 0.05% yaliokoa 0.21 kwa mwaka mmoja tu.

Najua si haki kabisa kuzilinganisha tafiti ambazo watoto wake, umri wao na muda wao havifanani. Lakini tazama zilivyokaribiana. Hata ukizigeuza milimita hizo kuwa asilimia, zinarukaruka kutoka 43 hadi 62. Milimita zenyewe zinazunguka palepale, theluthi moja ya milimita hivi, ambayo ni kama robo tatu ya daiopta. Siku nilipoiona orodha ile kwenye karatasi niliacha kuuliza "ipi ina nguvu kuliko zote." Nikaanza kuuliza ipi ataivumilia kila siku kwa miaka, na ipi ina hatari ambayo nyumba yetu inaweza kuisimamia. Maswali hayo ndiyo yanayozitenganisha.

Miwani ya kawaida na miwani maalumu

Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Nilichukua kioo cha binti yangu nikakiinamisha chini ya taa, ndipo nikaona: katikati kuna duara safi, na kulizunguka kuna mamia ya vilenzi vidogo vilivyopangwa kama sega la asali. Katika aina ya DIMS, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Polytechnic cha Hong Kong pamoja na kampuni ya Hoya na kuuzwa kwa jina la MiYOSMART, duara hilo lina upana wa milimita 9 na vilenzi vyake kama 400 vina nguvu ya +3.50. Mtoto anaona ubao kupitia katikati. Vilenzi navyo vinaileta sehemu ya mwanga mbele ya retina, jicho linapata ishara ya kutulia. Aina ya HAL, Stellest ya kampuni ya Essilor, ina pete kumi na moja za vilenzi na kazi yake ni hiyohiyo. Stellest ilipata idhini ya mamlaka ya dawa ya Marekani Septemba 2025, ikiwa miwani ya kwanza ya kupunguza kasi ya miopia kuidhinishwa huko.

Faida kubwa ya miwani hii ni kwamba haina jipya la kujifunza. Mtoto alikuwa anavaa miwani, anaendelea kuvaa miwani. Hakuna kitu kinachoingia jichoni, kwa hiyo hakuna maambukizi. Unaweza kuianza hata kwa mtoto mdogo ambaye bado hajiwezi kwa usafi.

Udhaifu wake ni saa na pua. Saa, kwa sababu katika ule utafiti wa Wenzhou watoto waliovaa angalau saa 12 kila siku walipata nafuu kubwa kuliko wastani wa kundi. Anayeivaa darasani tu na kuivua akifika nyumbani anapata nusu ya alichonunuliwa. Pua, kwa sababu duara lile la katikati lazima likae mbele ya mboni. Fremu ikiteleza hadi katikati ya pua, mtoto anaangalia juu ya kioo au kupitia vilenzi, na kila kitu kimeharibika. Binti yangu alikuja na malalamiko ya ukungu wiki ya pili. Tatizo halikuwa macho, lilikuwa masikio: mikono ya fremu ilikuwa mirefu mno. Fundi akaikunja upya nyuma ya masikio, akaongeza kamba laini, na ukungu ukaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukichagua njia hii, chagua kwanza fundi atakayekubali kuirekebisha fremu mara kumi kwa mwaka bila kununa.

Usichanganye miwani hii na ile ya progresivu wanayovaa watu wazima, ya kuonea mbali juu na kusomea chini. Hiyo nayo ilijaribiwa kwa watoto, katika utafiti mkubwa wa COMET nchini Marekani, na baada ya miaka mitatu tofauti ilikuwa daiopta 0.20. Ni kidogo mno kuitegemea.

Na kuna desturi moja inayoniuma, kumpa mtoto miwani yenye nguvu pungufu "ili macho yasizoee." Utafiti uliofanyika Malaysia na kuchapishwa 2002 uliwapa kundi moja la watoto miwani pungufu kwa makusudi. Miwani ya watoto hao iliongezeka kwa kasi zaidi kuliko ya waliopewa nguvu kamili, hata ikabidi utafiti usimamishwe kabla ya muda. Macho hayadeki. Mpe mtoto namba yake kamili.

Matone: urahisi wa usiku mmoja, uvumilivu wa miaka

Atropini ni dawa ya zamani sana ya kupanua mboni. Singapore waliijaribu kwa nguvu ya 1% na matokeo yakatoka 2006: miopia ilikaribia kusimama kwa watoto wengi. Lakini mboni zilibaki zimepanuka, jua likawaumiza, na kusoma karibu kukawa shida. Mbaya zaidi, walipoacha dawa, macho yalikimbia kufidia muda uliopotea. Jaribio la pili, lililotoka 2012, lilishusha nguvu hadi 0.5, 0.1 na 0.01%, na yale ya 0.01% yakaonekana kupoza bila usumbufu na bila mrudio mkubwa. Dunia nzima ikayakimbilia.

Miaka imepita na hesabu zimebadilika. Nimeshataja LAMP, ambako 0.01% ilikuwa dhaifu kabisa kwa milimita. Utafiti wa Marekani wa 2023, wa watoto 187 kwa miaka miwili, haukuona tofauti yoyote kati ya 0.01% na matone yasiyo na dawa. Kwa hiyo mzazi akiniambia mtoto wake anatumia matone, swali langu la kwanza ni nguvu yake. Kama ni 0.01% na jicho bado linakimbia, usikate tamaa na atropini kabla ya kumuuliza daktari kuhusu 0.025 au 0.05%. Ya 0.05% ndiyo iliyofanya vizuri zaidi LAMP, na watoto wengi waliivumilia, ingawa wengine huhitaji miwani inayogeuka kuwa myeusi juani.

Ukiweka matone kando ya miwani maalumu: matone hayategemei saa 12 wala fremu. Tone moja kila jicho kabla ya kulala, kazi imekwisha. Mtoto anayevunja miwani kila mwezi, au anayeivua akiwa mbali na macho yako, pengine atafaidika zaidi hapa. Lakini kumbuka matone hayamfanyi aone ubao. Bado atavaa miwani ya namba yake mchana. Na hayaachwi ghafla: kadiri nguvu ya dawa ilivyo kubwa, ndivyo hatari ya jicho kukimbia baada ya kuacha inavyokuwa kubwa, kwa hiyo daktari hupunguza taratibu, na kwa kawaida hasubutu kabla mtoto hajaingia umri ambao kasi imeshuka yenyewe.

Kuhusu vita vya kuyatia: mlaze chali, afumbe macho, dondosha tone kwenye pembe ya jicho karibu na pua, kisha afumbue. Tone linaingia lenyewe. Sisi tulilia wiki moja kabla ya kufundishwa hivyo. Chupa ikae mbali na mtoto mdogo, maana atropini ikimezwa ni sumu.

Lenzi za mchana na lenzi za usiku

Hizi mbili ndizo wazazi huzilinganisha kwa ubishi mkubwa zaidi, na nina upande.

Lenzi za mchana ni laini, zina pete za nguvu mbili tofauti, zinavaliwa asubuhi na kutupwa jioni. MiSight ndiyo iliyo na ushahidi mrefu zaidi, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha Novemba 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12. Zipo pia lenzi za nguvu nyingi zilizokusudiwa watu wazima; utafiti wa BLINK wa 2020 ulionyesha kwamba zenye nyongeza ya +2.50 zinasaidia watoto, ila zile za +1.50 hazikufua dafu. Jambo zuri lililotoka katika ufuatiliaji wa BLINK ni kwamba walipoacha, macho hayakukimbia kufidia.

Lenzi za usiku, othokeratolojia, ni ngumu na zinapitisha hewa. Mtoto analala nazo, zinaibonyeza konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ikawa bapa kidogo katikati. Asubuhi anazitoa na kuona siku nzima bila miwani. Kwa mtoto anayecheza mpira au anayeogelea, ni raha isiyo kifani. Hapo pana mtego wa macho yetu sisi wazazi: mtoto anaona bila miwani, tunadhani amepona. Hajapona. Ukisimamisha lenzi kwa wiki chache konea inarudi na namba inarudi. Ndiyo maana kwa mtoto wa lenzi za usiku huwezi kuifuata miopia kwa namba ya miwani. Lazima upime urefu wa jicho kwa kifaa chake, bayometa. Kituo kisicho na kifaa hicho kisikuanzishie njia hii.

Upande wangu unatokana na maambukizi ya konea. Yanatokea kwa nadra, lakini yakitokea yanaacha kovu katikati kabisa ya mahali pa kuonea. Bullimore na wenzake walichapisha mwaka 2013 makadirio yao kwa lenzi za usiku: karibu visa 14 kwa kila watoto 10,000 wanaozivaa kwa mwaka mmoja. Lenzi laini inayotupwa kila siku haina chombo cha kuhifadhia, haina dawa ya kuoshea, haina usingizi juu yake, kwa hiyo milango mingi ya vijidudu imefungwa. Lenzi ngumu ya usiku ina yote hayo. Ikioshwa kwa maji ya bomba, kimelea kiitwacho akanthamiba kinaweza kuhamia jichoni, na kukitoa ni safari ndefu yenye maumivu makali.

Kwa hiyo lenzi hizi mbili zikilingana kwa mengine yote, ningechagua za mchana. Lakini sikuweza kulisema hilo kwa kila mtu bila kukubali jambo moja: lenzi za usiku huvaliwa na kutolewa nyumbani, mbele yako, ukiwa umesimama mlangoni mwa bafu. Ya mchana ikitoka jichoni shuleni, mtoto yuko peke yake na vidole vyenye chaki. Mama mwenzangu mmoja alichagua za usiku kwa sababu hiyohiyo, na kwa jinsi anavyosimamia kunawa mikono na kuikausha kabla ya kugusa lenzi, siwezi kumlaumu. Kanuni ya nyumba yake nimeiiba: jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, lenzi zinatoka papo hapo na daktari anaonwa siku hiyo, si kesho.

Umri si kikwazo kama watu wanavyodhani. Mtoto wa miaka minane anaweza kujifunza kuvaa lenzi. Kinachoamua ni kama unaweza kumwamini kwa sabuni.

Mwanga mwekundu

Kuna vifaa vya mwanga mwekundu ambavyo mtoto huvichungulia dakika tatu, mara mbili kwa siku. Namba zake ni za kushawishi: utafiti wa China uliotoka 2022 uliona jicho likirefuka milimita 0.13 kwa mwaka badala ya 0.38. Lakini mwaka uliofuata kilichapishwa kisa cha msichana wa miaka 12 ambaye retina yake iliharibika baada ya miezi mitano ya matibabu hayo, na China yenyewe ikaviingiza vifaa hivi katika daraja la juu kabisa la udhibiti kuanzia Julai 2024. Nina retina iliyoshonwa kwa leza. Sitamwambia mtoto wangu akodolee mwanga huo nikiwa na njia nyingine nne mezani.

Nje ya nyumba

Huku hakushindani na hayo mengine; kunaenda pamoja nayo. Mwaka 2008 watafiti waliwalinganisha watoto wenye asili ya Kichina wa miaka sita na saba wanaoishi Sydney na wale wa Singapore. Sydney wenye miopia walikuwa 3.3%, Singapore 29.1%. Wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki, lakini walikaa nje karibu saa 14, wenzao wa Singapore saa 3. Guangzhou, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku zilikuwa na watoto wapya wa miopia 30.4% baada ya miaka mitatu, dhidi ya 39.5% kwa shule nyingine. Inadhaniwa ni ukali wa mwanga unaofanya kazi hiyo, na chumba chenye taa nzuri hakifikii hata kivuli cha mti mchana. Kofia na kivuli havipunguzi faida kiasi cha kujali.

Ila useme ukweli: muda wa nje unazuia miopia kuanza vizuri zaidi kuliko unavyoipunguza ikishaanza. Mtoto aliye −2.25 na anakimbia daiopta moja kwa mwaka hataokolewa na uwanja peke yake.

Ningemchagulia nani nini

Umri mdogo ndio unaonitia hofu, kuliko namba yenyewe. Mtoto wa miaka saba mwenye −1.25 ana miaka kumi ya kurefuka mbele yake. Wa miaka kumi na nne mwenye −1.25 huenda akaishia karibu na hapo. Wa kwanza ningemwanzishia tiba mwezi huohuo. Wa pili ningempima baada ya miezi sita kwanza.

Mtoto mdogo, mtulivu, asiyechukia miwani: miwani maalumu. Anayeikataa au kuivunja: matone, ya nguvu ya kutosha. Mwenye miaka tisa au kumi, mchezaji, msafi, anayeaibika na miwani: lenzi za mchana. Lenzi za usiku kwa familia yenye nidhamu ya usafi isiyolegea hata siku za wagonjwa, na kituo chenye bayometa karibu. Na aliye na wazazi wawili wenye miopia, anayekimbia hata akiwa kwenye njia moja, aongezewe ya pili. Matone pamoja na miwani au lenzi ni muungano ambao madaktari wengi sasa hawauogopi.

Njia yoyote utakayoshika, dai vitu viwili kwenye kila kipimo: matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kupima namba, kwa sababu mtoto hukaza jicho na kudanganya mashine bila kujua, na urefu wa jicho kwa milimita, ulioandikwa kwenye karatasi unayoondoka nayo. Baada ya miezi sita hadi kumi na miwili utajua kama njia inafanya kazi. Kama haifanyi, badilisha, usisubiri mwaka wa tatu.

Sisi tulianza na miwani maalumu. Miezi sita ya kwanza jicho la kulia lilirefuka 0.17, bado ni haraka kwa nilivyotaka, daktari akaongeza atropini ya 0.025%. Mwaka uliofuata wote lilirefuka 0.14. Sasa ana miaka kumi, yuko −2.75, na ameanza mwenyewe kuuliza habari za lenzi kwa sababu ya mpira wa kikapu.

Mdogo wake wa kiume ametimiza miaka sita. Haoni shida yoyote, lakini nimempeleka, na kipimo kimetoa +0.50. Katika umri huo jicho linatakiwa liwe na akiba ya +0.75 au zaidi. Pungufu ya hapo miopia inaweza kuwa njiani. Bado hana tiba. Ana saa mbili za nje kila siku, mvua isiponyesha, na tarehe ya kurudi kupimwa imebandikwa juu ya friji.